Maneno Mawili Chini ya Bakuli

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ila nakusihi usianze kwa kunihurumia, maana huruma nimeshapewa ya kutosha na kila anayeingia chumbani humu, akavuta kiti, akanishika mkono na kuniambia kuwa nimeishi vizuri. Sijaishi vizuri. Nina miaka themanini na mmoja, mapafu yangu yamechoka, daktari aliyekuwa akinitajia miezi sasa ananitajia wiki, na kalamu hii naishika kwa vidole vitatu kwa sababu viwili vilivyobaki havinitii tena, lakini akili ninayo na Kiswahili ninacho, na hicho Kiswahili ndicho nilichokitumia kufanya ubaya ninaotaka kukueleza.

Nilifundisha lugha shuleni miaka mingi, kisha kiwanda cha vyombo vya plastiki kikanichukua niwe mtu wao wa maneno. Usicheke, kazi hiyo ilikuwepo. Kila ndoo, kila jagi na kila bakuli lenye kifuniko lilihitaji maneno, na maneno yenyewe hayakuandikwa kwa wino, yalichongwa ndani ya kalibu, yaani lile umbo la chuma ambamo plastiki iliyoyeyuka humiminwa, hivyo ukikosea herufi moja inatoka kwenye mabakuli laki moja. Ofisini waliniita Mwalimu, nami nilipenda kuitwa hivyo, nikavaa tai hata siku za jua kali.

Miaka thelathini iliyopita tulileta bakuli jipya, jepesi, la kuona ndani, lenye kifuniko kinachobana kwa sauti, tak. Tulikuwa na mkemia, binti mwembamba aliyetembea na kipimajoto mfukoni kama wenzake wanavyotembea na kalamu, basi tukambandika jina Bi Kipimajoto. Alitia ndani ya mabakuli yale mafuta ya moto, akatia mchuzi wa nyanya uliochemka, akafunika, akaacha, kisha akapima kilichomo. Alichokikuta aliniambia kwa lugha ya jikoni, si ya maabara.

“Mwalimu, ukilitia cha baridi, bakuli hili ni jirani mwema. Ukilitia cha moto linaanza kuchanganya vyake na vya watu. Linaacha vitu vyake kwenye chakula, na chakula kikiwa cha moto zaidi na chenye mafuta zaidi, nalo linaacha zaidi.”

Akaniandikia kwenye karatasi maneno ya kuchonga: Chakula kilichopoa tu. Usitie cha moto. Usipashe ndani yake.

Meneja aliisoma karatasi ile, akaisukuma mezani kana kwamba ina upele.

“Mwalimu, hebu niambie, mama gani atanunua bakuli linalokataa chakula cha moto? Hilo si bakuli, hilo ni mkwe.”

“Lakini kipimo kinasema…”

“Kipimo kinasema, wewe unaandika. Chini ya bakuli pana nafasi ya maneno mawili. Nipe mawili yasiyo uongo.”

Yasiyo uongo. Hapo ndipo aliponipata, mwanangu, maana angeniambia nidanganye ningekataa, naapa ningekataa, lakini aliniwekea swali kama nilivyokuwa nikiwawekea wanafunzi wangu, nami nikalifuata kama mbuzi aliyeonyeshwa jani. Nikaenda mezani pangu, nikanoa penseli, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimelipata jibu, tena nikajipongeza. Usiweke motoni.

Unaona nilichofanya? Neno “moto” limo, na mtu asome akitaka. Lakini nililipachika kiambishi cha mahali, ile “-ni” niliyoifundisha maelfu ya watoto, na herufi mbili hizo zikauondoa moto kwenye chakula zikaupeleka kwenye mafiga. “Usitie cha moto” ni onyo. “Usiweke motoni” ni jambo analolijua hata mtoto anayetambaa. Wafanyakazi walipoliona walicheka wakasema, “Bakuli la Mwalimu limeokoka, haliendi motoni!” Nami nikacheka pamoja nao, nikarekebisha tai.

Bi Kipimajoto hakucheka. Aliingia kwenye kikao cha wakuu wa idara bila kualikwa, akalipindua bakuli mezani mbele ya meneja.

“Nani hapa amewahi kuona mtu akiteleka bakuli la plastiki? Hata kichaa hateleki plastiki. Sasa onyo hili linamwonya nani?”

Meneja akanigeukia polepole, akitabasamu. “Mwalimu, mwenye lugha ni wewe. Maneno haya ni ya uongo?”

“Kisarufi, hapana,” nikasema.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nimezisikia sauti zile miaka thelathini. Yeye alinitazama kama anavyotazama kipimo, akasema, “Mwalimu, ungesema uongo ningekubishia. Hiki ulichokifanya sina hata pa kukishika.” Mwezi uliofuata walimhamishia ghalani akahesabu vifuniko, halafu siku moja hakuja tena, nami sikuuliza alikokwenda, kwa sababu nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Sasa sikiliza yanayonifanya nikuandikie leo badala ya kufa na siri yangu kama watu wenye adabu. Kitinda mimba wangu, binti, ni mpishi. Ndiye ninayeishi kwake, ndiye anayeniogesha, anayenigeuza ubavu, anayenilisha kwa kijiko huku akinitania kwamba nimekuwa mtoto asiye na meno wala aibu. Kila siku ya masomo anapika chakula cha mchana cha shule ya chekechea iliyo nyuma ya nyumba, watoto arobaini, na mjukuu wangu wa miaka minne ni mmoja wao. Na kiwanda kilipofungwa, binti yangu alikwenda kuyachukua maboksi ya mwisho ya mabakuli yale, si kwa sababu ni mazuri, bali kwa sababu yana maneno ya baba yake. Akija mgeni analipindua moja amwonyeshe. “Soma hapo. Hayo ni ya Baba.”

Dirisha langu linatazamana na jiko lake. Saa nne asubuhi namwona anachota mchuzi ukiwa bado unatoa povu, anaumimina, anafunika, tak, tak, tak, arobaini, na mwenyewe hunisimulia kwamba akifika shuleni chakula kilichopoa anakipasha kwenye maikrowevu humohumo ndani ya plastiki. Mabakuli yameshafifia, yamekuwa na ukungu usiosafishika, yana mikwaruzo ya vijiko na rangi ya mchuzi iliyogoma kutoka. Nalala hapa, nayatazama. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu akaniwahi, “Baba, usijichoshe,” nami nikashukuru kuwahiwa.

Wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu wa chekechea alikuja, mama mmoja mpole aliyesikia mahali kwamba chakula cha moto na plastiki havipatani, akauliza. Binti yangu hakukasirika. Alimshika mkono akamleta mpaka kitandani kwangu, bakuli mkononi, uso unang’aa.

“Muulize mwenyewe aliyeandika. Baba, si uliandika usiweke motoni, basi? Kama kungekuwa na jingine si ungeliandika?”

Wote wawili wakaniinamia. Nilikuwa na pumzi. Nataka ujue kwamba siku ile pumzi nilikuwa nayo. Nikasema, “Ndivyo nilivyoandika.”

Mwalimu mkuu akashukuru, akanitakia afya, akaenda zake ameridhika. Binti yangu akanibusu kwenye paji la uso.

Tangu siku ile nina hasira, mshauri, na hasira ya mtu asiyeweza kuinuka ni mbaya kwa kuwa haina pa kwenda. Namkasirikia meneja, ambaye ameshakufa na alizikwa kwa sifa. Nawakasirikia wale waliocheka. Nawakasirikia wageni wanaokalia kiti hiki. Nilimweleza kifungua mimba wangu, naye akafunga mlango kwanza ndipo akanijibu. “Baba, hayo ni ya kale. Nani amekufa? Utamharibia dada kazi, utajiharibia jina, na wewe mwenyewe uko njiani. Pumzika.” Pumzika! Neno gani hilo kumwambia mtu aliyepumzika miaka thelathini? Lakini zaidi ya wote najikasirikia mwenyewe, kwa sababu sina maiti ninayeweza kumnyooshea kidole nikasema huyu nilimdhuru mimi, na kukosa maiti huyo ndiko kulikonipa usingizi, na sasa ndiko kunakoninyima.

Nimeandika yote haya kwenye barua nyingine, nikaitia kwenye bahasha yenye jina la binti yangu, nayo iko chini ya mto. Ninachokuuliza ni hiki. Je, naweza kumwachia aifungue nikishazikwa? Atajua, ataacha, na watoto watakuwa salama, lakini wiki hizi chache zilizobaki ataendelea kunitazama kama anavyonitazama. Nataka kufa nikiwa baba yake. Je, hilo ni kubwa mno kuliomba?

Ni mimi,
Mwalimu

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Naanza na heshima kwa sababu huko mbele sitakuwa nayo nyingi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ingawa umenikataza. Mara ya pili nilipofika kwenye bahasha niliiweka barua chini, nikaenda kusimama dirishani mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Bahasha! Mzee wangu, umepima sawasawa unachokiomba? Daktari kasema wiki. Tuseme sita. Watoto arobaini, siku tano za wiki. Sikufundisha hesabu, lakini hayo ni mabakuli elfu moja na mia mbili yatakayofunikwa yakiwa na mchuzi unaotoa povu, nawe umelala unasikiliza vifuniko. Na ukipata nafuu je? Wagonjwa hupata nafuu. Nyumba nzima itakuwa inakuombea uzima, na kila siku unayoongezewa wewe, watoto nao wanaongezewa bakuli. Umelipanga jambo hili hadi kifo chako kimekuwa dawa yao. Nani alikufundisha kupanga hivi?

La miaka thelathini iliyopita siwezi kukusaidia. Lilishatoka kwenye kalibu. Ulikuwa na bosi, ulikuwa na kazi, ulikuwa na tai. Sikusamehe, lakini naelewa mtu anavyofika pale. Linaloniwasha ni la wiki mbili zilizopita. Pale kitandani hapakuwa na meneja. Hapakuwa na kikao wala kicheko. Palikuwa na mwanamke aliyetoka shuleni kwake kuuliza swali ambalo ulilisubiri miaka thelathini, na binti aliyekushikia bakuli. Ukawapa sarufi. “Ndivyo nilivyoandika.” Wewe si mzee mwenye dhambi ya zamani, Mwalimu. Wewe una dhambi mbichi, na inachemka kila saa nne asubuhi.

Sasa tuwekane sawa, maana hasira isiyo na kipimo nayo ni uongo. Wewe hujui kama kuna mtoto aliyedhurika. Mimi sijui. Pengine hatajua yeyote. Plastiki si za aina moja, na vinavyotoka kwenye plastiki iliyopata joto havimwangushi mtu mezani akapelekwa hospitali jioni. Huingia kidogokidogo, bakuli kwa bakuli, na ndiyo maana ni rahisi kuvitetea. Lakini binti yule wa kipimajoto alikwambia yanayotosha: joto, mafuta, na muda wa kukaa ndani. Bintiyo anayaunganisha yote matatu, katika vyombo vilivyochakaa, halafu anavirudisha kwenye maikrowevu. Na walaji ni watoto wadogo, ambao hawakuchagua. Mtu asipojua kama anadhuru, huacha. Haendelei mpaka aone maiti.

Kuhusu mwanao anayekwambia upumzike, mwambie mshauri amempa kazi. Ana simu na ana miguu. Amtafute mkemia yule mpaka amjue yuko wapi. Akiwa hai, mpelekee neno kwamba alikuwa sahihi na kwamba ulijua siku ileile. Usimwombe msamaha ndani ya sentensi hiyohiyo. Mpe haki yake kwanza, msamaha ataamua mwenyewe.

Naja kwa bintiyo, ambaye ndiye unayemwogopa. Unasema unataka kufa ukiwa baba yake. Ubaba hauvuliwi kama koti, Mwalimu. Kinachovulika ni sifa, na hiyo ndiyo unayoilalia chini ya mto. Hebu mfikirie siku ya kuifungua bahasha. Amekuzika, macho yamevimba, anasoma, anaitazama tarehe. Ataona kwamba ulijua, ukamwacha aendelee. Atakaa jikoni ahesabu kila bakuli alilolifunika tangu tarehe ile kwa mikono yake, akitamka jina lako kwa fahari. Na wa kumuuliza hatakuwepo. Wa kumfokea hatakuwepo. Utakuwa umemrithisha kosa lako likiwa limeandikwa jina lake kwa mwandiko wako. Huko ndiko kumpenda?

Basi fanya hivi. Bahasha ichane. Gazeti hili likikufikia asubuhi, usingoje kesho yake. Mwite bintiyo kabla hajateleka, na umwambie amwite mwalimu mkuu, kwa sababu uliwapotosha wote wawili na hutakuwa na pumzi ya kusimulia mara mbili. Usianze na meneja. Usieleze viambishi. Sema hivi: “Mabakuli haya si ya chakula cha moto. Nilijua nilipoandika. Nilijua mlipokuja kuniuliza.” Sentensi tatu, na hata mapafu mabovu yanaziweza.

Kisha msaidie, maana watoto watahitaji kula siku hiyohiyo. Shule iko nyuma ya nyumba. Chakula kiende ndani ya masufuria yake na vifuniko vyake, kipakuliwe hukohuko kwenye sahani za kauri au za chuma cha pua. Asikiache kikae saa nyingi nje ati kipoe ndipo akifunge kwenye plastiki, huko ni kukimbia plastiki na kukumbatia kuhara. Kupasha ni kwa chombo cha kioo au kauri, na mdomoni mwa maikrowevu plastiki isiingie. Mabakuli yaliyofifia, yenye mikwaruzo au yaliyopinda yatoke nyumbani, na asimgawie jirani, jirani naye ana watoto. Yaliyo mazima atie vifungo na sindano. Na wewe msomaji unayetikisa kichwa kumlaani mzee wa watu, nenda kabatini kwako kwanza. Mimi nimetoka kuangalia la ofisi yetu, nimeona haya.

Kazi ya bintiyo huenda ikayumba. Mwalimu mkuu huenda akakasirika, wazazi huenda wakasema. Ndiyo sababu unatakiwa uwepo, uyabebe yakiwa yako, umwondolee yeye. Mtu aliyekufa habebi kitu.

Na bintiyo akianza kukufokea, usikohoe. Usishike kifua, usiombe maji, usimwambie daktari kasema nini. Mwache afoke mpaka amalize, na akinyamaza muulize kama amemaliza, kwa kuwa huenda bado. Ana haki ya kukukasirikia ukiwa hai, Mwalimu, na hiyo haki inakwisha pamoja na wewe.